SAMAKI NILIYEMVUSHA MPAKA

Sisi wenyeji wa Busia tuna sifa moja ambayo hatukuiomba, nayo ni sifa ya magendo. Mtu akisikia umetoka Busia hucheka, akakuuliza safari hii umevusha nini: sukari, mayai, au mafuta ya taa? Maneno hayo yalikuwa yakiniudhi sana, kwa sababu baba yangu ni wakala wa forodha. Kazi yake ni kuwaandikia wafanya biashara hati za mizigo yao, na nyumbani kwetu neno "tangaza vyote ulivyo navyo" tumelisikia tangu utoto kama watoto wengine wasikiavyo sala. Lakini leo nakiri mbele ya wasomaji wa gazeti letu, wanafunzi wenzangu na wale wa zamani waliotutangulia, kwamba mimi pia nimevusha magendo. Nilivusha bila kujua, na aliyeadhibiwa hakuwa mimi.

Mwanzoni mwa Novemba, mwaka 2018, shule zilipofungwa, nilikwenda Tororo kumwamkia shangazi yangu. Nyumba yake iko mahali ambapo ukifungua dirisha unaliona lile jabali kubwa la Tororo limesimama peke yake kama mlinzi wa mji. Jirani yake alikuwa mwalimu, naye alikuwa amepata uhamisho. Siku hizo alikuwa akigawa vitu asivyoweza kuvichukua: viti, kuku, na sanduku la kioo lililojaa samaki wadogo. Madume walikuwa wadogo kabisa, hawazidi urefu wa ukucha wa kidole gumba kwa mwili wao, lakini mikia yao ilikuwa na rangi nyekundu, buluu na manjano kama vitambaa vya sikukuu. Majike walikuwa wakubwa zaidi, nao rangi yao ni ya majivu tu. Nilisimama mbele ya kioo kile hata chai ikapoa.

Nilimpigia baba simu kuomba ruhusa. Baba akauliza, "Mama yako umemwuliza? Unajua hapendi maji yaliyotuama nyumbani." Nikamsihi. Mwishowe akasema, "Haya, mmoja. Mmoja tu, tuone." Basi nikachagua mmoja. Sikuchagua kwa uzuri, kwani niliogopa dume mdogo atakufa njiani. Nilichagua kama mtu achaguavyo kuku sokoni: nilimtaka mnene. Nikamtwaa jike mmoja mwenye tumbo la mviringo na doa jeusi karibu na mkia, nikamtia katika chupa ya maji pamoja na jani moja la majini, nikaaga.

Tulipofika Malaba nilishuka, nikavuka daraja kwa miguu, chupa nikiishika mbele yangu kwa mikono miwili. Ofisa mmoja aliniita. "Kijana, hicho ni nini?"

"Ni samaki, bwana."

"Wa kula au wa kufuga?"

"Wa kufuga."

"Wangapi?"

Nikajibu kwa sauti ya mtoto wa wakala wa forodha: "Mmoja tu, bwana."

Akaiinua chupa kwenye mwanga, akamtazama yule samaki, na samaki akamtazama. Akacheka, akanirudishia. "Pita na samaki wako mmoja." Nikapanda matatu ya Busia, nikiwa na furaha kwamba nimesema kweli tupu.

Nyumbani, fundi wa vioo wa sokoni aliniunganishia vipande vya kioo kwa gundi, nikapata sanduku langu, nikaliweka mezani karibu na dirisha. Mama alikuja akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Umeniletea kiwanda cha mbu," alisema. Hakukosea kuogopa, maana kwetu malaria si hadithi, na hakuna nyumba isiyowahi kulaza mtu kwa homa. Basi nikamwonyesha jambo. Nilichukua kikombe cha maji kutoka pipa la nyuma ya nyumba, humo mlikuwa na viluwiluwi wa mbu wakijipinda-pinda, nikawamimina ndani ya sanduku. Samaki aliwafuata mmoja mmoja, akawameza wote kabla mama hajashusha mikono kiunoni. Tangu siku ile mama hakunung'unika tena, bali mara nyingine nilimkuta yeye mwenyewe akimletea samaki kikombe chake.

Aliyefurahi kuliko sote alikuwa ndugu yangu mdogo, mwenye miaka 10. Mtoto huyu ni wa majini. Kila siku hushinda kwenye kijito kiendacho Mto Sio, na kipande cha chandarua kikuukuu, akivua visamaki na vyura wachanga. Lakini alikuwa na ila moja. Mwezi wa Septemba alikuwa amevunja redio ya baba, akakana kwa siku 3, na siku ya 4 ukweli ukajulikana. Tangu hapo neno lake lilikuwa kama shilingi yenye tundu, kila mtu akiipewa huigeuza-geuza.

Siku 12 baada ya mimi kurudi kutoka Tororo niliamka asubuhi, nikafungua dirisha, nikaona vitu kama vipande vya uzi vikienda huku na huku chini ya lile jani. Nilifikiri ni uchafu. Nikakaza macho. Vilikuwa na macho! Walikuwa samaki, kila mmoja mdogo kama punje ya mtama iliyoota mkia. Nikawahesabu: 17.

Sasa, msomaji, fikiri kama nilivyofikiri. Nilijua samaki hutaga mayai, na mimi sikuona yai hata moja. Nilijua jike hazai bila dume, na dume hakuwamo. Nilijua pia kwamba nyumbani mwetu kuna mtoto mmoja mwenye chandarua, anayependa mzaha, na ambaye jana yake alirudi kutoka kijitoni suruali imelowa. Nikajumlisha hesabu hiyo haraka kuliko hesabu yo yote niliyopata kufanya darasani. Nikamwamsha ndugu yangu. Akaapa kwamba hajui. Nikamwambia atawaondoa wote mwenyewe, akalia, nikamwacha.

Asubuhi ya pili nikahesabu tena. Walikuwa 11. Hapo nikasadiki kabisa kwamba kuna mkono wa mtu: huyu mtoto ametia 17, na usiku amekuja kuwatoa 6 ili anichanganye akili. Sikuuliza neno. Nilimpiga kofi.

Mambo yakafika kwa baba. Baba alisikiliza pande zote mbili, kisha akamwuliza mdogo wangu, "Uliwatia?" Akasema, "Sikuwatia." Baba akasema, "Ukisema kweli yatakwisha sasa hivi." Mtoto akafuta pua kwa mkono, akasema, "Baba, siwezi kusema nimefanya nisilolifanya." Maneno hayo yalikuwa makubwa kwa mtoto wa miaka 10, lakini sisi tulisikia redio tu. Baba akaamua aende Sio Port kwa nyanya yetu, akachunge mbuzi hata likizo iishe au hata aseme kweli. Asubuhi aliondoka na mfuko wake mdogo. Hakuniaga, na chandarua chake alikiacha kikining'inia nyuma ya mlango.

Baba aliniagiza niwarudishe wale samaki 11 kijitoni walikotoka. Nilikubali, lakini mvua ilinyesha mchana kutwa, na kesho yake uvivu ukanishika. Basi nikawatia katika karai la maji nyuma ya jiko, nikalifunika kwa wavu, nikasema nitawapeleka siku nyingine. Siku ile haikufika. Mara chache katika maisha yangu nimemshukuru Mungu kwa uvivu wangu, na hii ni mojawapo.

Ndani ya sanduku akabaki yule jike peke yake. Nyumba ilikuwa kimya. Mezani palikuwa na kiti kitupu, na mama alikuwa akikitazama bila kusema. Siku zikapita, wiki zikapita. Katikati ya Desemba, wiki 4 kamili tangu siku ile ya kwanza, nilifungua dirisha asubuhi nikaona tena vipande vya uzi chini ya jani. Safari hii walikuwa 23.

Wasomaji, magoti yaliniishia nguvu. Chumba ni changu, ufunguo ni wangu, chandarua kiko nyuma ya mlango na vumbi lake, na mwenye chandarua yuko Sio Port na mbuzi wa nyanya. Nikiwa nimesimama pale, nikamwona yule jike akigeuka polepole, akamfuata mtoto mmoja aliyekawia kujificha, akammeza. Ndipo nilipojua wale 6 wa kwanza walikokwenda.

Sikunywa chai. Nilikwenda moja kwa moja kwa mwalimu wetu wa Elimu ya Viumbe, ambaye nyumba yake si mbali na kwetu. Nilimkuta akipalilia mahindi, nikamweleza yote, isipokuwa habari ya kofi. Akaegemea jembe, akaniuliza, "Huyo jike, kabla hujamchukua, alikaa na nani?"

"Na wenzake, Mwalimu. Majike na madume."

"Basi umekwisha kujibu swali lako."

Akanieleza kwamba samaki wale wanaitwa gapi, na kwamba hawatagi. Mayai hukaa tumboni mwa mama yakipata chakula kutokana na kiini chake, na watoto hutoka wakiwa hai, tayari kuogelea na kujitafutia. Kila baada ya wiki 4 hivi jike huzaa tena. Lile doa jeusi ambalo mimi nililiona kuwa pambo ndiyo alama ya mimba. Dume ana pezi moja chini ya tumbo ambalo limekuwa kama mrija, na kwa hilo humpa jike mbegu zake.

"Lakini uzao wa pili, Mwalimu?" niliuliza. "Alikwisha kuzaa, na dume hakumwona tena."

"Hapo ndipo penye ajabu," akasema. "Jike wa gapi huweka akiba. Mbegu alizopewa siku moja huzihifadhi mwilini miezi kadhaa, naye huzitumia kidogo kidogo. Anaweza kuzaa mara ya pili, ya tatu, na zaidi, hali dume yuko Tororo, au amekwisha kufa." Kisha akaniambia niwatenge watoto na mama yao, kwa kuwa hawajui kuwa ni wake, yeye huona chakula tu.

Nikaaga. Nilipofika njiani nikakumbuka daraja la Malaba. "Wangapi?" "Mmoja tu, bwana." Kumbe nilikuwa nimevusha 17 waliokwisha kuumbwa, na wengine 23 waliokuwa bado ni akiba, na wangapi zaidi sijui. Hakuna mfanya magendo wa Busia aliyewahi kuficha mzigo vizuri kama yule jike. Lakini sikuweza kucheka, maana nilikuwa nikimwona mtoto mwenye mfuko mdogo akipanda matatu.

Siku ile ile nilikwenda Sio Port. Nilimkuta nyanya uani akianika omena. Nikampa salamu zake, nikamweleza. Hakushangaa hata kidogo. Nyanya ni mke wa mvuvi, na amewatazama samaki miaka mingi kuliko umri wa baba. Alisema, "Ninyi wa mjini mnadhani samaki wote ni mayai na mchanga. Ngege je? Mama ngege huchukua mayai yake kinywani, na wakitoka watoto wakaona hatari hurudi mle mle kinywani. Siku zile ukimvua ngege, watoto hukumwagikia mkononi kutoka kinywani mwake. Kila mama ana mahali pake pa kufichia." Kisha akanionyesha kwa kidevu. "Mwenzako yuko kule chini, kwa mbuzi."

Nilimkuta amekaa juu ya jiwe, akitazama ziwa. Nilikuwa nimetunga maneno mengi ndani ya matatu, yote yakapotea. Nikamwambia, "Jike amezaa tena. Wewe hukuwatia. Mimi nilikosa, na nilikupiga bure. Nisamehe."

Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Wangapi?"

"23."

"Na wale wa kwanza, uliwatupa kijitoni?"

"Sikuwatupa. Wako katika karai."

Akashusha pumzi, akasema, "Afadhali." Hilo ndilo neno alilonisamehe nalo. Hakunipa jingine.

Usiku nyanya alitueleza kwa nini ilikuwa afadhali. Alisema zamani ziwani walikuwapo fulu wa kila namna, wadogo, wa rangi nyingi, hata watoto walikuwa wakiwavua ufukoni kwa ndoana za pini. Kisha akaja mbuta. Mambo haya yamo vitabuni pia. Mbuta si mwenyeji wa Ziwa Viktoria. Alitiwa humo na watu katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa miaka mingi hakuonekana sana, halafu katika miaka ya 1980 akazidi mno, na aina nyingi za fulu zikatoweka. Mbuta amewapa watu wengi kazi na fedha, hilo hatukatai. Lakini waliomtia walimtia kwa ndoo, na leo hakuna ndoo iwezayo kumtoa.

Baadaye nilisoma habari za hawa gapi, nikaona kwamba hofu ya nyanya ina sababu. Asili yao ni Amerika ya Kusini upande wa kaskazini, na visiwa vya karibu nayo. Mtaalamu Mjerumani, Wilhelm Peters, aliwaandika katika 1859 kutokana na samaki waliotoka Venezuela. Katika 1866 Robert John Lechmere Guppy alipeleka wengine London kutoka Trinidad, watu wakadhani ni wapya, wakawapa jina lake, na jina hilo likashika. Kwa kuwa wanakula viluwiluwi wa mbu, walipelekwa katika nchi nyingi za joto ili kupambana na malaria, na hata Afrika Mashariki wamefika. Mahali pengi wametoroka, wakawa wenyeji wa mito isiyo yao. Katika 2011 Amy Deacon, Indar Ramnarine na Anne Magurran walichapisha habari ya jaribio lao huko Trinidad. Walitia jike mmoja tu katika kila birika, bila dume, wakangoja. Mabirika mengi yalipata ukoo mzima wa samaki. Basi mtu asemaye, "Nitatupa mmoja tu mtoni, ana madhara gani?" anasema vile nilivyosema mimi Malaba.

Baba alifika Sio Port siku mbili kabla ya Krismasi kutuchukua. Nilikuwa nimekwisha kumweleza kwa simu. Alimwita mdogo wangu mbele ya nyanya na mbele yangu, akamwambia, "Mwanangu, miaka yote nimewaambia watu wasitoe hukumu juu ya mzigo ambao haujafunguliwa. Wewe nilikuhukumu kabla ya kufungua. Nimekosa." Sijapata kumsikia baba akimwambia mtoto maneno kama hayo. Mdogo wangu aliinamisha kichwa, akasema, "Na redio nilivunja mimi kweli." Nyanya akacheka hata machozi yakamtoka, na sisi sote tukacheka naye.

Tuliporudi nyumbani nilimpa ndugu yangu yule jike awe wake, pamoja na sanduku. Tukaweka sheria tatu, naye akaziandika kwa mkono wake juu ya karatasi iliyobandikwa ukutani. Ya kwanza, maji ya samaki hayamwagwi mtaroni wala kijitoni, bali juu ya udongo mkavu wa shamba. Ya pili, anayepewa samaki aahidi hivyo hivyo. Ya tatu, asitajwe mwizi kabla ya kuhesabu mara mbili na kungoja wiki 4.

Katika likizo ya Aprili, mwaka 2019, sote wawili tulikwenda Tororo. Shangazi alikuwa ameomba apelekewe samaki, maana jirani alikuwa amehama na dirisha lile lilikuwa limebaki na jabali tu. Mdogo wangu ndiye aliyeshika chupa. Pale Malaba ofisa mwingine alituita. "Hicho nini?"

"Ni samaki, bwana, wa kufuga."

"Wangapi?"

Mdogo wangu aliinua chupa, akahesabu kwa kidole, akafikiri kidogo. Akasema, "Bwana, wanaoonekana ni 6. Waliomo matumboni siwezi kukuambia, nisije nikasema uongo."

Ofisa alinitazama mimi kama mtu angojaye mkubwa amkemee mdogo. Nikamwambia, "Ndivyo ilivyo, bwana. Mwandike kama alivyosema."